Inzoka Upande wa Kulia

Likizo ile ya mwisho wa mwaka tuliondoka Kibondo mimi na mke wangu, tukaenda kwao Heru Juu, karibu na mji wa Kasulu, kusaidia kuvuna maharage. Mimi ni mwalimu wa jiografia. Nimezaliwa Masasi, kwenye joto na mikorosho, na serikali ilinipangia Kibondo nikiwa sijawahi kumiliki sweta. Baridi ya nyanda zile niliizoea taratibu, lakini ukungu wake sijauzoea mpaka leo. Asubuhi unaingia ndani ya nyumba bila kubisha hodi, unakaa miguuni pa kitanda, na mtu ukiamka hujui kama umeamka kweli au umehamia kwenye ndoto nyingine yenye jogoo ndani yake.

Mama mkwe wangu alikuwa mjane, akiishi peke yake na mbuzi mmoja na kuku wachache. Katika nyumba ile, mkwe wa kiume na mama wa mke hawatazamani usoni, hawali pamoja, wala hawasemezani moja kwa moja. Sijui kama ni desturi ya Waha wote au ya ukoo ule tu. Nilipokwenda kuposa niliambiwa hivyo nikakubali, maana hata kwetu mkwe hachezewi. Kwa hiyo miaka yote ya ndoa yetu nilimjua mama yule kwa sauti na kwa mgongo. Nilijua kitenge chake cha shambani na kile cha kanisani, nilijua anavyokohoa akichochea moto, lakini kama ningekutana naye sokoni Kasulu, sidhani kama ningemtambua kwa uso.

Alipotaka kuniambia jambo, na mke wangu hayupo, alimwambia mbuzi.

"Wewe mbuzi," angesema akiwa nyuma ya ukuta wa jiko, kwa Kiswahili chake chenye mawimbi ya Kiha, "huyo mwalimu mbona hajala? Chakula kimepoa hapo mezani."

Nami ningejibu kwa sauti, nikitazama mlima, "Mbuzi, mwambie mama nimekula, nimeshiba, asante."

Tuliishi hivyo vizuri kabisa. Mbuzi mwenyewe hakulalamika.

Maumivu yalianza siku ambayo mke wangu alikuwa amesafiri kwenda Manyovu, mpakani, kununua vitenge vya Burundi kwa ajili ya duka lake dogo la Kibondo. Alitarajia kurudi siku hiyohiyo. Usiku mvua kubwa ilikuwa imenyesha, na asubuhi nilipoamka nilihisi kitu kinachokoroga taratibu kuzunguka kitovu, kama mtu anayesonga ugali bila nguvu. Nikadhani ni maharage mabichi ya jana. Nilikuwa nimekula mengi, nikaongezea na karoti nilizong'oa mwenyewe kwenye bustani ya bondeni, nikazifuta kwenye suruali na kuzitafuna palepale.

Nilirudi kulala. Homa ilikuja polepole, karibu kwa upole. Nakumbuka mwanga wa dirishani ukiwa wa rangi ya maziwa, na sauti za watu wakipita barabarani zikifika kwangu kama zinatoka chini ya maji. Nakumbuka nilikuwa na uhakika kwamba kitanda kimeelekea Kusini na kwamba nikinyoosha mkono nitagusa ukuta wa nyumba ya mama yangu Masasi. Kila nilipofumbua macho, ukungu ulikuwa bado upo, nami sikushangaa.

Nilitapika kwenye beseni. Nadhani ndipo mama mkwe aliposikia.

"Wewe mbuzi," alisema nje ya dirisha, "huyo mwalimu anaumwa?"

"Mwambie mama tumbo linasumbua kidogo."

Kisha akasema neno moja, akijiambia mwenyewe zaidi kuliko kumwambia mbuzi. "Inzoka."

Kiha changu ni cha sokoni. Nilijua inzoka ni nyoka. Nikalala pale na homa yangu nikiwaza nyoka gani, yuko wapi, ameingiaje chumbani. Nikakunja miguu kitandani kama mtoto. Ilinichukua muda kukumbuka kwamba mke wangu aliwahi kuniambia: kwao neno hilohilo ni la nyoka wa majanini na la minyoo ya tumboni. Kwetu tunasema mchango. Kwao, mtu mwenye minyoo ana nyoka.

Baadaye kidogo mlango ulisukumwa, mkono ukaweka kikombe cha bati sakafuni, na mkono ukaondoka. Ndani ya kikombe kulikuwa na maji ya kijani ya majani machungu, yale yaliyoota nyuma ya zizi. Nilikunywa yote. Uchungu wake ulinifikia hadi masikioni. Nikalala tena, na kwa muda nilijiona nimepona, maumivu yakawa mbali, kama ngoma ya kijiji kingine.

Yaliporudi yalikuwa yamehama. Sasa yalikaa upande wa kulia, chini, mahali pamoja, na hayakuwa ya kukoroga tena. Yalikuwa ya kuchoma. Nilijaribu kwenda chooni nikashindwa kuunyoosha mguu wa kulia. Nikapiga hatua kadhaa uani nimejikunja, nikakaa juu ya gogo la kuni, halafu nikajilaza kwa ubavu juu ya majani yenye umande, mguu umekunjwa hadi karibu na kifua. Nilijisikia vizuri pale. Nilitaka kuachwa. Mawingu yalikuwa yakipita chini sana, na niliwaza kwamba kama ningekaa pale kimya vya kutosha yangenibeba.

Ndipo nikaona uso.

Ulikuwa uso mdogo kuliko sauti yake, mweusi, mkavu, wenye kovu jembamba juu ya nyusi, na macho yaliyokuwa yanafanana na ya mke wangu kiasi kwamba niliita jina la mke wangu. Mama mkwe wangu alikuwa amepiga magoti mbele yangu. Alinitazama usoni, akautazama mguu wangu uliokunjwa, akaweka kiganja chake juu yake kama anayetaka kuhakikisha ni mguu kweli.

"Mwalimu," alisema. Hakumtaja mbuzi. "Mguu huu, hebu unyooshe."

"Siwezi, mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Alinyanyuka. Nilimsikia akipiga kelele barabarani, kelele niliyokuwa sijawahi kumsikia akipiga, akimwita jirani mmoja mtu mzima mwenye bodaboda. Alijaribu kumpigia binti yake, lakini simu haikushika. Huko Manyovu mvua ilikuwa imekata barabara, kama tulivyokuja kujua baadaye. Basi hakukuwa na mtu mwingine.

Jirani alinipakia nyuma yake. Nilikuwa nikiyumba kama gunia lililofungwa vibaya.

"Huyu ataanguka," jirani alisema. "Lazima mtu amshike kwa nyuma. Subiri nikamtafute kijana mmoja."

"Hakuna kusubiri," mama alisema, na akapanda.

Sina namna ya kumweleza mtu asiyezijua desturi zile uzito wa jambo hilo. Mama mkwe wangu alikaa nyuma yangu, akapitisha mikono yake kiunoni kwangu, akaifunga mbele kwa kitenge chake cha shambani, akalaza kichwa changu begani kwake. Jirani alitazama mbele tu. Nadhani aliona haya kwa niaba yetu wote.

Safari ile ya kushuka mjini sijui ilichukua muda gani. Ninachokumbuka ni ukungu ukitupisha na kufunga tena nyuma yetu, migomba ikitokeza na kutoweka, mwanamke aliyebeba mkungu wa ndizi kichwani akisimama pembeni na kuziba mdomo kwa mkono. Kila tulipopita kwenye shimo, mama alinikaza na kusema neno moja la Kiha sikioni mwangu, lilelile kila mara, kwa sauti ya kubembelezea mtoto mchanga. Sikulielewa. Sikuhitaji. Nilikuwa na homa kali na maumivu makubwa, na bado nakiri kwamba sehemu fulani yangu ilitamani barabara isifike mwisho.

Hospitalini alitupokea daktari wa kike, kijana, aliyepangiwa kazi huku kutoka Mbeya. Aliniuliza maumivu yalianzia wapi, nikaonyesha kitovu. Yako wapi sasa, nikaonyesha chini kulia. Akaweka vidole vyake pale, akabonyeza polepole, kisha akaviondoa ghafla. Alipobonyeza niliuma meno. Alipoachia nililia.

"Kidole tumbo," alisema. "Kimevimba, na hakina muda wa kutusubiri. Tutakupasua leo."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, kitenge chake kimelowa ukungu. "Ni inzoka," alisema.

"Anasema ni minyoo," muuguzi mmoja, mwenyeji, akatafsiri.

Daktari hakucheka. "Inawezekana minyoo anayo pia, mama. Lakini hili linalomuumiza sasa ni kidole tumbo, halitibiwi kwa dawa ya kunywa. Unakubali tumpasue?"

Aliniuliza mimi baadaye, lakini alianza kwa kumuuliza yeye, kwa kuwa alidhani ni mama yangu mzazi. Mama hakumsahihisha.

"Mpasueni," alisema. "Haraka."

Dawa waliyonipa ya usingizi haikunilaza; ilinitoa tu nje, kama mtu anavyotolewa kiti uani ili ndani pafagiliwe. Nilijikuta kwenye shamba la muhogo lisilo na mwisho. Matuta yake yalikuwa yanapumua. Nilitembea juu ya tuta moja refu, jeupe, laini kwa nyayo, na kadiri nilivyotembea nilielewa kwamba tuta lile ni kiumbe na kwamba linatembea pia, linanipeleka mahali. Sikuogopa. Pembeni kulikuwa na watu wote niliowahi kuwafundisha, wamekaa kimya na madaftari yao, wakinisubiri niwaambie mto fulani unaelekea wapi. Nilifungua kinywa kuwaambia, na kikatoka ukungu.

Nilipoamka mdomo ulikuwa mkavu na mke wangu alikuwa ameshika mkono wangu. Alikuwa amefika kwa lori la mizigo, matope hadi magotini.

"Umelala sana," alisema, akilia na kucheka. "Umekuwa ukimfundisha muuguzi mito."

Daktari alipopita kutuona alikuja na kichupa cha kioo. Kidole tumbo changu kilikuwa humo, kimepasuliwa kwa urefu, chekundu kama kidole kweli kilichobanwa na mlango. Kando yake kulikuwa na kitu chembamba, cheupe chenye uwaridi, kama tambi iliyopikwa.

"Mnyoo," alisema. "Nilipokikata alikuwa bado anajinyonganyonga. Nusu yake ilikuwa ndani, amejiviringisha, mlango ameuziba."

Nilimtazama mgeni wangu. Nilitegemea kuhisi kinyaa, lakini nilihisi kama mtu anayeonyeshwa picha ya mahali alipowahi kuishi bila kujua.

"Kwa hiyo yeye ndiye aliyesababisha?" mke wangu aliuliza.

Daktari alifikiri kabla ya kujibu, na nilimpenda kwa hilo. "Mara nyingi kinachoziba ni vitu vingine, uchafu uliokauka, au uvimbe tu. Minyoo tunaikuta mara chache. Na hata tukiikuta, wataalamu hawakubaliani. Wako wanaosema ndiyo iliyoziba, wako wanaosema imepita tu ikakuta nyumba tayari inaungua. Kwa mume wako, kwa jinsi nilivyomkuta mnyoo huyu, nadhani yeye ndiye aliyeziba. Lakini siwezi kuapa." Akanigeukia. "Ulikunywa dawa yoyote kabla ya kuja?"

"Majani machungu. Ya minyoo."

"Siku nyingine tumbo likiuma hivi usinywe kitu. Dawa za minyoo wakati mwingine zinawasumbua, wanaanza kutangatanga. Sisemi ndivyo ilivyokuwa. Nasema usinywe."

Mama mkwe wangu alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na mlango wa wodi. Sikujua kama alisikia. Nilipogeuza kichwa, benchi lilikuwa tupu. Muuguzi alituambia bibi ameondoka, ameomba tuambiwe mbuzi hajapewa majani.

Waliporuhusu nitoke nilirudi Heru Juu kupona. Mke wangu alikuja na vidonge vya minyoo kwa ajili ya nyumba nzima, vile vya kutafuna, na daktari alikuwa amesisitiza kila mtu ameze, tunawe mikono, na karoti za bondeni zioshwe kwa maji safi kabla ya kuliwa. Tulitafuna wote watatu, mama akiwa ametupa mgongo, mabega yake yakipanda juu kwa ladha mbaya.

Lakini alikuwa amenyamaza. Hakuniambia neno, na hakumwambia mbuzi pia. Chakula changu alipika mke wangu. Nilipokaa uani kwenye jua jepesi, mkono juu ya kidonda, yeye alizunguka kwa nyuma ya nyumba ili asinipitie. Niliambiwa anakwenda kanisani kila siku.

"Anadhani nusura akuue," mke wangu aliniambia. "Anasema nyoka alikuwa amelala, yeye ndiye aliyemfukuza akaingia kusikofaa. Nimemwambia daktari hakusema hivyo. Hasikii."

Siku moja mke wangu alishuka sokoni, na mvua ya manyunyu ikaanza. Mama alikuwa jikoni akitwanga majani ya muhogo. Niliinuka, nikatembea polepole nimeegemea ukuta, nikakaa kizingitini pa jiko lile ambalo mkwe haingii. Mchi ukasimama hewani.

"Mama," nilisema, "mbuzi yuko mbali leo. Itabidi tuongee wenyewe."

Alibaki amenipa mgongo. Mvua ilikuwa ikisema yake juu ya bati.

"Ulikunja mguu," alisema hatimaye.

"Ndiyo."

"Mtoto wangu wa kwanza alikunja mguu hivyohivyo. Wa kulia. Alikuwa msichana, anaanza kuchunga mbuzi. Alisema tumbo, tukasema inzoka, tukampa majani. Akalala ubavu, akakunja mguu. Tukampa majani tena. Baba yake alikuwa amekwenda Kibondo kwa kazi." Aliteremsha mchi taratibu, akauweka ndani ya kinu bila kutwanga. "Siku ya tatu alisema haumwi tena. Tulifurahi. Akafa jioni."

Mke wangu hakuwahi kuniambia kwamba alikuwa na dada. Baadaye niligundua kwamba yeye mwenyewe alijua kidogo tu. Alizaliwa baadaye, na habari hiyo haikuwa ya kusimuliwa.

"Nilipokuona pale chini," mama aliendelea, "nikasema huyu Mungu amemrudisha anionyeshe. Na mimi nimeshampa majani tena. Mzee mzima, sijajifunza."

"Lakini ulinipeleka."

"Nilikupeleka baada ya kukupa majani."

"Mama, ulipanda pikipiki. Ulinishika." Niliweka mkono juu ya kidonda. "Daktari alisema kama ningekaa mpaka kesho kingepasuka. Yale majani hata yeye hajui kama yalifanya kitu. Kupanda pikipiki kulifanya kitu. Hilo najua mimi."

Aligeuka. Tulitazamana, mchana, bila homa, na hakuna kilichoanguka. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi au kwa kilio, sijui.

"Yule mdudu," aliuliza, "ulimwona?"

"Nilimwona."

"Mkubwa?"

"Hapana. Kama tambi."

Alitikisa kichwa kwa muda mrefu, kama anayepokea habari za mtu aliyemtafuta miaka mingi na kukuta ni mtu wa kawaida tu. Mtoto wake hakupasuliwa na mtu yeyote. Hakuna ajuaye kilichokuwa ndani yake, mnyoo au kitu kingine. Nilitaka kumwambia hivyo, kisha nikaona kwamba analijua, na kwamba ndilo lililokuwa likimtesa.

Alivuta mkeka, akaketi upande wa pili wa moto, akanyoosha miguu. Moshi ulijaa jikoni, ukungu ulijaa uani, na mlangoni vilikutana vikachanganyika mpaka sikuweza kusema kimoja kinaishia wapi.

"Huko kwenu," aliuliza, "kuna nini?"

Hakuwa amewahi kuniuliza. Nikamweleza Masasi. Nikamwambia kuhusu miamba mikubwa inayosimama peke yake katikati ya tambarare, kama vichwa vya watu waliozikwa wakiwa wamesimama. Nikamwambia msimu wa mabibo, yalivyo mekundu na ya manjano chini ya mikorosho, harufu yake tamu inavyoingia hadi kwenye nguo, mbuzi wanavyolewa wakiyala na kutembea upandeupande. Alicheka kidogo kwa hilo. Nikamwambia joto la mchana linavyofanya barabara ionekane ina maji. Nikamweleza mama yangu, anavyobangua korosho kwa kuzichoma kwenye bati kuukuu, uso ameufunga kitambaa, vidole vyake vilivyo vyeusi kwa mafuta ya maganda.

Nilipotazama tena, alikuwa amelala. Alilala ameegemea ukuta, mdomo wazi, kitenge kimeteleza begani, mbele ya mkwe wake. Niliendelea kusimulia kwa sauti ya chini, kuhusu gari moshi ambalo babu yangu alisema liliwahi kupita upande wetu zamani, mpaka mvua ilipokatika na nikamsikia mke wangu akiita hodi kutoka barabarani.